Kengele Zilimjua Hessel

"Usinifundishe mila, Aukje. Nimeanza kuburuta vitu vya watu wewe hujazaliwa."

"Basi unajua mburutaji hatajwi jina."

"Mburutaji hatajwi. Mwizi anatajwa."

Gosse Terpstra alikuwa amesimama kizingitini kwa Aukje asubuhi ya mwaka mpya, mkono mmoja ameshika simu, wa pili ameshika kipande cha mti kilichoungua mpaka kimekuwa mkaa upande mmoja. Harufu ya moshi ilimtangulia kuingia ndani. Alikuwa mzee wa miaka sitini na ushee, fundi mstaafu wa kuezeka paa za matete, shingo nene, viganja kama majembe, na miguuni alivaa viatu vyake vya mti vya bustanini, vile ambavyo mtaa mzima huvisikia kabla mwenyewe hajapiga kona. Nyumba yake na ya Aukje zilichangia ukuta mmoja. Akikohoa kwake, Aukje alijua ni kikohozi cha mafua au cha hasira.

"Hebu nione," Aukje alisema, ingawa alikwisha kuona.

"Uone nini? Ni mkono wa benchi. Hapa ndipo Baukje alipokuwa akiweka kikombe." Gosse alipitisha kidole gumba kwenye alama ya duara iliyosalimika. "Kilichobaki ni hiki. Hiki tu."

Aukje akakipokea, mkaa ukamchafua vidole, akamrudishia.

Hapo kijijini Wytsmeer, usiku wa kuamkia mwaka mpya, kitu kisichofungwa si chako. Geti, ngazi, kitoroli, chungu cha maua, hata kamtumbwi, vinaburutwa gizani mpaka uwanja wa kanisa na kurundikwa, na asubuhi wenyewe wanakwenda kuvichukua, nusu wamenuna, nusu wanacheka. Ni utani wa tangu enzi za mababu. Lakini mwaka huu vijana wa upande wa pili wa daraja, pombe ikiwa kichwani, walilitia rundo moto kwa fataki zilizowabakia, na benchi la marehemu Baukje, mke wa Gosse, lilikuwa juu kabisa. Ndilo benchi alilokalia mwaka wake wa mwisho wote, blanketi magotini, akihesabu bata.

Gosse akamgeuzia Aukje simu. Video ilitoka kwenye kengele ya mlango wake, ile yenye kamera. Mtu mwenye koti la rangi ya chungwa, kofia ya koti imemfunika uso, anapandisha benchi kwenye kitoroli na kuondoka nalo taratibu. Chini yake maandishi mekundu: WIZI. Mtu anayefahamika: Hessel Dykstra. Uhakika: asilimia tisini na moja.

"Tisini na moja," Gosse alisema. "Mchungaji wetu hana uhakika wa kiasi hicho hata na mbingu."

"Ni mashine, Gosse. Imeona koti."

"Koti la nani? Nani mwingine anatembea na koti la reli hapa? Si wewe uliyetuletea hii Drempo? Si wewe uliyekaa jikoni kwangu ukala keki yangu ukaniambia inajifunza? Haya. Imejifunza."

"Subiri basi. Subiri mpaka saa sita."

"Saa sita kuna nini?"

Gosse akamtazama kama mtu anayetazama paa linalovuja, akijiuliza aanzie wapi, kisha viatu vya mti vikaanza kugonga njia, ko, ko, ko, kuelekea nyumbani kwake.

Saa sita mchana makala ya Aukje ingetoka.

Aukje Hoitema aliishi kwa blogu. Kila programu mpya ya simu, kila mtandao mpya, kila wazimu mpya wa watu wa mtandaoni, yeye huujaribu kwanza kwa mwili wake mwenyewe, kisha anawasimulia wasomaji kama mtu aliyetoka harusini na umbea mbichi. Aliwahi kukaa mwezi mzima akila tu kile ambacho simu ilimwambia ale. Aliwahi kuchumbiwa na mashine na kuiacha. Watu walimpenda kwa hilo. Na wiki ile Drempo, kampuni ya kengele zenye kamera na ya ukurasa ambamo majirani hupeana video zake, ilikuwa imetangaza kwamba kengele zake sasa hazihitaji uso. Zinamtambua mtu kwa mavazi na umbo, hata gizani, hata akiwa amegeuka.

Aukje akataka kuona.

Mzee Hessel aliishi nyumba ya mwisho, mtaa unapoishia kwenye mfereji. Alinoa viatu vya kutelezea kwenye barafu na visu vya mashine za majani, hakuwa na kengele ya kamera wala simu ya maana, na koti lake la zamani la kazi ya reli lilining'inia usiku na mchana kwenye msumari nje ya banda lake. Aukje alilichukua jioni ya mkesha, akalivaa, akaburuta benchi la Gosse mpaka kanisani, akalirudisha koti msumarini. Utani ulikuwa na kibali cha mila, na jaribio lilikuwa limejificha ndani ya utani. Drempo ilipotangaza jina la Hessel, alicheka peke yake jikoni mpaka akashika meza. Akaandika makala usiku uleule: "Nimeiba benchi la jirani, limekamatwa koti." Tovuti moja kubwa ya Amsterdam ilikubali kuichapa saa sita kamili, kwa sharti kwamba asiropoke kokote kabla.

Kwa hiyo asubuhi ile alinyamaza kwa sababu ya sharti. Alipouona ule mkono wa benchi alinyamaza kwa sababu ya woga. Kwa Hessel, aliyekuwa akinoa visu vyake kule mwisho wa mtaa bila habari, sababu zote mbili zilikuwa ni ukimya uleule.

Na kulikuwa na jingine, ambalo hakuliweka kwenye makala. Wakati wa kiangazi Drempo ilimwonyesha picha ya mzee mwenye koti la chungwa akipita, ikamuuliza kwa adabu: Huyu ni nani? Aukje ndiye aliyeiandikia jina, na kengele zote za mtaa zikalipokea.

Akarudi mezani, akafungua kompyuta. Akajiambia atatupia jicho mara moja tu.

Zamani umbea wa Wytsmeer ulikuwa na miguu. Ulitoka kwa muuza samaki, ukapumzika kwa kinyozi, ukapinda kidogo kwa mke wa mchungaji, na ulipofika darajani ulikuwa umechoka, na ng'ambo ya daraja nani aliujali? Umbea wa sasa hauchoki. Video ya Gosse ilikuwa imeshavuka daraja kabla ya mapambazuko. Ilikuwa mjini Drachten, ilikuwa Groningen. Chini yake watu wasioijua hata harufu ya mfereji ule waliandika. Mmoja: "Mwizi wa wajane." Mwingine: "Wa mgane, soma vizuri, lakini mikono avunjwe vilevile." Mwingine: "Anakaa wapi?" Na chini ya swali hilo, mtu fulani mwenye picha ya paka, kwa moyo wa kusaidia, alikuwa ameweka namba ya nyumba.

Aukje akaanza kuandika: Jamani, siye. Akaifuta. Akaandika tena. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Zimebaki saa mbili tu, aliwaza, watu watasema mengi, lakini nani atatoka kitandani siku ya mwaka mpya kwa ajili ya benchi?

Nje mlio ukapasuka, bum, vikombe vikalia kabatini. Hakushtuka. Siku zile kila uwanja wa nyuma ulikuwa na mtungi wa chuma wa maziwa umelazwa chali, ndani yake mawe ya kabaidi na mate kidogo, mdomo umezibwa kwa mpira, na kijana amesimama nyuma na kiberiti kwenye kitundu. Mawe yakilowa hutoa gesi, gesi inawaka, mpira unaruka mpaka shamba la tatu. Ni mchezo.

Wa pili ulilia karibu zaidi. Baada yake kikaja kioo, kioo kingi, kikimwagika.

Aukje alitoka na soksi.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na gari jeupe la mizigo ambalo hakulijua, na wanaume sita saba ambao hakuwajua, na Gosse katikati yao na sepetu. Mtungi ulikuwa umeegemezwa juu ya matofali mawili, umeelekezwa nyumba ya Hessel, na hawakuuziba kwa mpira. Walitumia kifuniko chake cha chuma. Dirisha kubwa la mbele, lile ambalo kila nyumba ya mtaa ule huliacha wazi bila pazia ili jirani aone kwamba hakuna kinachofichwa, lilikuwa shimo. Kifuniko kilikuwa kimepita sebuleni, kimeng'oa saa ya ukutani na kujikita kwenye mlango wa kabati kama shoka.

"Toka na benchi lako, babu!" kijana mmoja mwenye kofia ya kijivu alipaza sauti, simu juu, akirekodi. "Toka usalimie watu."

Hessel alitoka. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta, uso umekatwa na vioo mahali pawili, na mkononi alikuwa na koleo la kuchimbia mboji, refu, jembamba, limenolewa na mtu ambaye kunoa ndiyo kazi yake. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwa aliyekuwa ameinama kwenye mtungi na kumpiga kwa ubapa kwenye mkono wa mbele, na mkono ukalia kama kijiti kikavu. Yule kijana alikaa chini na kuanza kuuangalia mkono wake, ulivyopinda mahali pasipo na kiungo.

Hapo ndipo wote walipomvamia.

Aukje hakuwahi kuona watu wakimpiga mtu. Alikuwa ameona video nyingi, alikuwa hata ameziandikia makala, lakini video hazina uzito. Kipigo hiki kilikuwa na uzito. Hessel alianguka ubavu, wakamgeuza kwa mateke, mmoja akamkanyaga kiganja na kukisaga kwa kisigino kama mtu anayezima sigara. Hakupiga kelele. Alikuwa anatoa pumzi tu, kila teke na pumzi yake. Kisha kikaja kile kiatu cha mti cha Gosse. Mlio wake ubavuni mwa mzee ulikuwa tofauti na viatu vingine. Ulikuwa kama mtu anabisha hodi.

"Sema," Gosse alisema. "Sema tu kwa nini lile. Mtaa mzima una vitu. Kwa nini lile?"

"Gosse," Aukje alisema, "siye. Ni mimi." Sauti ilipotea katika mateke. Akaingia katikati, akamshika mtu bega, akapata kiwiko cha mdomo na kujikuta amekaa kwenye majani yenye barafu, damu ya chumvi ulimini. "Ni mimi niliyelichukua!" Hakuna aliyegeuka. Yule wa kofia ya kijivu alimwelekezea simu sekunde moja, akaona mwanamke mwenye soksi analia, akairudisha kwenye mateke.

Akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta maji ya kuzimia moto. Akaliona koti. Lilikuwa pale pale msumarini alikolirudisha.

Alilivaa. Akavuta kofia mpaka puani. Kisha akaondoka pale bandani akitembea, hakukimbia, alitembea kuelekea getini kama alivyotembea usiku ule na kitoroli. Aukje ana nyonga mbovu tangu alipoanguka kwenye barafu akiwa msichana. Akiwa na mzigo huegemea kushoto, na kila hatua ya nne au ya tano huuvuta mguu kidogo, kama anayefuta kitu sakafuni. Mashine ilikuwa imeangalia koti. Haikujishughulisha na mguu.

Lakini Gosse alikuwa ameitazama video ile tangu alfajiri mpaka akaikariri kama sala. Aliinua kiatu kwa teke jingine, jicho lake likapita juu ya bega la mtu mmoja, na mguu ukabaki hewani. Akaangalia ule mguu wa kushoto ukivutwa. Akaangalia tena.

Akaweka kiatu chini.

"Vua kofia," alisema.

Aukje akavua.

"Rudia kutembea."

"Gosse, waambie hao waache kwanza."

"Rudia."

Akarudia hatua tatu. Hazikufika nne.

"Nilitaka kuona programu itasema ni nani," Aukje alisema. "Nilidhani utalikuta kanisani. Sikujua watachoma."

"Ulichukua benchi la Baukje," Gosse alisema taratibu, kama anayetaka kuhakikisha amesikia bei vizuri, "ili uone simu itasema nini."

"Ndiyo."

"Na leo asubuhi nimekuja kwako. Nimekushikisha ule mti."

"Ndiyo."

Alimpiga ngumi. Haikuwa kofi. Ilikuwa ngumi ya mtu aliyepiga nyundo miaka arobaini, na ilimkuta kwenye shavu na kumtupa kifudifudi juu ya mtungi, ambao bado ulikuwa na joto. Kitu kidogo kigumu kilizunguka mdomoni mwake. Alikitema, akaona ni jino, na jambo la ajabu alilowaza ni kwamba ni dogo kuliko alivyodhani.

"Wako wawili," kofia ya kijivu alitangazia simu yake kwa furaha. "Mwizi na mwanamke wake. Wanabadilishana koti, jamani, hawa ni wataalamu. Mpelekeni babu mferejini akaoshe uso."

Wawili walikuwa wameshamshika Hessel miguu. Kichwa chake kilikuwa kinaburuzwa kwenye kokoto, jicho moja limefumba na kuvimba, kuelekea maji yaliyokuwa na ngozi nyembamba ya barafu juu yake.

"Mwachieni," Gosse alisema.

"Mzee, tulia. Tumekuja kwa ajili yako."

"Mimi sikuwaita."

"Umetuita. Umebonyeza 'Naomba msaada'. Hii hapa." Akamwonyesha. "Tumetoka Heerenveen bila kunywa chai."

Gosse aliiangalia simu. Alikuwa amebonyeza, ndiyo. Alidhani anauambia mtaa. Alidhani msaada ni kwamba Wiepkje wa nyumba ya kona atakuja na sufuria ya supu na kusema pole.

"Basi nimeshasaidiwa," alisema. "Nendeni."

"Bado hajasema—"

Sepetu lilimkuta kofia ya kijivu kwenye goti, upande. Aliporuka na mguu mmoja akitukana, Gosse alikuwa ameshampa mgongo. Alipiga magoti kwenye mtungi, akamsogeza Aukje kwa bega kama gunia, akatupa mawe mawili ya kabaidi ndani kutoka kwenye ndoo yao, akatema mate, akatema tena, akaziba mdomo kwa kifuniko cha akiba na kukigongomea kwa kiatu cha mti. Kisha akaugeuza mtungi wote, matofali na kila kitu, mpaka ukaangalia lile gari jeupe, akaukalia kama farasi. Kiberiti cha gesi kilikuwa mkononi.

"Ndani inachemka," alisema. "Mnaisikia? Mimi huwa naipa muda kidogo. Vijana wengi wana haraka."

"Hana akili huyu," mmoja alisema.

"Sina. Nina mtungi. Wekeni mzee chini. Chini, si kutupa."

Waliweka. Yule mwenye mkono uliovunjika alikuwa amekwisha kukimbilia barabarani. Wengine waliliangalia gari, wakamwangalia Gosse, na ilipowajia kwamba kusimama kati ya hivyo viwili ni ujinga, wakatawanyika. Hapo Gosse akapeleka moto kwenye kitundu.

Mlio uliwarusha bata wote wa mfereji. Mlango wa pembeni wa gari uliingia ndani kama kopo la soda lililokanyagwa. Gosse, aliyerushwa nyuma na mtungi, alilala chali kwenye majani na nyusi zinatoa moshi, akaanza kupapasa kushoto na kulia kutafuta kiberiti aanze tena. Hawakumngoja. Gari liliondoka likiburuta kitu chini, na yule wa kofia ya kijivu akilikimbilia kwa mguu mmoja, akiligonga ubavuni, akiomba wasimwache.

Polisi wawili walikuja baadaye, vijana, wenye adabu. Waliuliza nani alianza. Mtaa wote ulikuwa umesimama milangoni na maandazi ya zabibu ya mwaka mpya mikononi, sukari midomoni, na kengele za kamera zikiwaka taa nyuma ya kila mgongo, na hakuna aliyeona kitu. Gosse peke yake alinyoosha mkono. "Dirisha ni langu, na mbavu, si zote, ila za upande huu ni zangu," alisema, "na gari." Waliandika. Wakamwambia asisafiri. Akawauliza aende wapi.

Daktari wa zamu alimshona Hessel nyusi na kiganja, akamfunga mbavu, akataka kumpeleka hospitali Leeuwarden. Hessel akasema ana mbaazi motoni tangu asubuhi. Alirudishwa nyumbani mchana.

Na Aukje? Aukje aliizuia ile makala. Alimpigia mhariri Amsterdam, mdomo umejaa pamba, na mhariri akamwambia kwamba sasa ndiyo imekuwa tamu, aongeze tu hili la leo. Akakata simu. Akaandika nyingine, fupi, haikuwa na mzaha hata mstari mmoja: kwamba aliyeburuta ni yeye, kwamba jina la Hessel aliliandika yeye, kwamba mashine haikudanganya bali ilirudia alichoambiwa, na kwamba neno WIZI ndilo lililowaondoa watu kitandani, jana yake kitu kilekile kiliitwa kuburuta na hakuna aliyewahi kuvunjika mbavu kwa kuburutiwa. Akaituma Drempo, chini ya video. Akangoja. Video ilikuwa imefika Ubelgiji. Masahihisho yake hayakuvuka hata daraja. Mtu mmoja tu alijibu, yule mwenye picha ya paka: "Kwa hiyo ni nani sasa, weka namba ya nyumba."

Giza la Januari huja mapema. Aukje alikwenda mwisho wa mtaa na mfuko wa misumari akamkuta Gosse ameshafika, na mbao alizong'oa kwenye banda lake mwenyewe. Hawakusalimiana. Alishika ubao, Gosse akagonga. Ubao ulipoteleza Gosse alisema "juu" au "chini," hakusema zaidi. Ndani, taa ilikuwa inawaka, na kupitia pengo lililokuwa likipungua walimwona Hessel akizunguka jikoni polepole, mkono umeshika mbavu, na harufu ya mbaazi na nyama ya moshi ilitoka ikawapiga usoni. Hakuwatazama. Ubao wa mwisho ulipokaa, nyumba ya Hessel ikawa nyumba ya kwanza katika mtaa ule ambayo hakuna anayeweza kuona ndani.

Kengele ya kanisa ikagonga kumi na mbili jioni.

Saa hiyo Wytsmeer hula. Ukiwa mgeni kwa mtu, hata kama ni nduguyo, unaiona saa, unavaa koti, unakwenda kwako. Hakuna anayekufukuza na hakuna anayekukaribisha. Mtaa mzima ulikuwa madirishani, kila familia imeketi chini ya taa yake, sahani, viazi, vichwa vimeinama. Gosse akakusanya nyundo. Akasimama mbele ya zile mbao.

"Hessel," aliziambia mbao. "Nimemaliza. Kesho nitaleta kioo."

Ko, ko, ko, akaenda zake, na nyumbani kwake taa ilichelewa kuwaka.

Aukje alibaki amechuchumaa, akipapasa misumari iliyoanguka kwenye majani, kwa sababu mbwa wa Wiepkje hupita hapo, na kwa sababu hakujua aende wapi na uso ule. Shavu lilikuwa linapiga kama moyo. Alikuwa bado amevaa lile koti. Akalivua, akaenda kulitundika msumarini, na mlango ukafunguliwa nyuma yake.

Hessel alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Jicho moja lilikuwa limezibwa, la pili lilikuwa jembamba kama mkato wa kisu.

"Hiyo simu yako unayo hapo?"

"Ninayo."

"Daktari anasema watu wameandika. Wengi."

"Wengi, mzee."

"Mimi jicho hili halioni mpaka wiki ijayo, na hili jingine halikuwahi kuona vizuri vitu vidogo." Akauhamishia mwiko mkono wa pili. "Nataka unisomee. Yote. Usiruke hata mmoja, na usiyapake sukari."

Aukje alishika msumari kwenye kiganja mpaka ukamchoma. "Ni mengi sana, mzee Hessel. Yatatuchukua usiku kucha."

Hessel akaangalia mtaa, madirisha yote yenye taa, watu wote na sahani zao. Kisha akausogeza mlango kwa bega zima, akampa nafasi ya kupita.

"Basi ingia ule kwanza."